Diski na Draivu za Kuchomea Kumbukumbu za Kudumu: Tathmini ya Mtumiaji wa Miaka Mingi

Nina diski mbili za DVD nilizozichoma siku moja mwaka 2007, katika draivu ile ile, zikiwa na rekodi zile zile za sauti ya marehemu baba yangu. Nilichoma mbili kwa makusudi, nikiamini kwamba nakala ya pili itakuwa kinga ya ile ya kwanza. Miaka 15 baadaye nilipozitoa kwenye makasha yake, moja ilisomeka tangu mwanzo hadi mwisho bila kusitasita. Nyingine ilikwama ilipofika ukingo wa nje: draivu ikapunguza mwendo, ikarudia kusoma pale pale mara nyingi, kisha kompyuta ikatoa taarifa kwamba faili haisomeki. Zote mbili zilikaa kabati moja, gizani, na hakuna iliyokuwa na mkwaruzo hata mdogo. Tofauti ilikuwa pakiti zilikotoka. Ile iliyosalimika ilikuwa ya Verbatim yenye rangi ya kuandikia iitwayo AZO, na iliyokufa ilitoka katika mnara wa diski za bei ya chini ambazo nilizinunua bila kujiuliza zilitengenezwa na nani.

Tangu siku hiyo nimeacha kununua diski kama mtu anunuavyo karatasi. Diski, draivu itakayoichoma na namna ya kuikagua baada ya kuchoma nimeviweka pamoja kama kitu kimoja, kwa sababu nimeona mara nyingi diski nzuri ikiharibiwa na draivu isiyoielewa, na draivu nzuri ikishindwa kuiokoa diski mbovu. Tathmini hii imetokana na diski na draivu nilizozitumia, pamoja na yale yanayojulikana kuhusu muundo wake, na nimeiandika kwa ajili ya mtu mwenye picha, sauti au nyaraka ambazo hataki zipotee hata baada ya diski kuu za kompyuta yake kubadilishwa mara tatu au nne.

Nianze na kile kinachoandikwa ndani ya diski, maana ndipo lilipo chimbuko la mambo mengi. CD na DVD za kuchoma mara moja huwa na tabaka jembamba la rangi ya kikaboni. Mwale wa leza huipasha moto rangi hiyo, nayo hubadilika na kubaki na alama ambazo baadaye husomwa kwa leza hafifu. Nyuma ya rangi kuna tabaka la metali la kurudisha mwanga, kwa kawaida fedha, na katika diski chache za gharama ni dhahabu. Rangi hiyo si ya aina moja. Sianini, iliyotumiwa sana na Taiyo Yuden ya Japani, hutoa rangi ya kijani au buluu ya bahari. Fithalosianini, iliyojulikana zaidi kupitia diski za Mitsui, karibu haionekani kwa macho, na ndiyo maana diski zake zenye dhahabu hung'aa kama pete. Azo ya Mitsubishi, iliyouzwa kwa chapa ya Verbatim, ni buluu nzito. Kwa upande wa mwanga, fithalosianini na azo huvumilia vizuri kuliko sianini isiyoongezewa vidhibiti, na dhahabu haipati kutu kama fedha inapofikiwa na unyevunyevu au gesi zenye salfa.

Lakini rangi bora haitoshi ikiwa kiwanda kiliipaka ovyo. Rangi humwagwa karibu na katikati ya diski huku diski ikizungushwa kwa kasi ili isambae hadi ukingoni, kwa hiyo ukingo wa nje ndipo penye uwezekano mkubwa wa tabaka kutolingana. DVD nayo ni vipande viwili vya polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, na gundi isipofika vizuri ukingoni, unyevunyevu hupata mlango. Ndiyo sababu diski yangu ya pili ilianza kufia nje, na ndiyo sababu mtu anayejaribu diski za zamani asiridhike kwa kuona orodha ya faili imefunguka: orodha hiyo iko karibu na katikati, mahali ambapo diski huharibika mwisho.

Jambo linalowachanganya wanunuzi wengi ni kwamba jina lililo kwenye lebo na kiwanda kilichotengeneza diski vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Chapa moja inaweza kununua kutoka kiwanda hiki mwaka huu na kingine mwaka ujao bila kubadilisha hata herufi moja kwenye kasha. Kinachosaidia ni msimbo uliochorwa ndani ya diski yenyewe, ambao draivu huusoma kabla ya kuanza kuchoma. Programu kama ImgBurn huuonyesha mara tu diski inapoingizwa. DVD+R za Mitsubishi za kasi ya 16x zilikuwa na msimbo MCC 004, na zile za Taiyo Yuden YUDEN000 T03. Nimekuwa na desturi ya kununua pakiti ndogo kwanza, kusoma msimbo, kuchoma diski mbili au tatu na kuzipima, ndipo nirudi kununua nyingi. Hata hivyo msimbo si hati ya kiapo: leseni huuzwa, viwanda huhama, na kuna wakati misimbo ya viwanda vyenye sifa ilinakiliwa na wasiostahili.

Sokoni pia mambo yamebadilika kiasi kwamba ushauri wa mwaka 2008 haufai kurudiwa kama ulivyo. Taiyo Yuden iliacha kutengeneza diski mwishoni mwa mwaka 2015. Mitsubishi nayo iliuza biashara ya Verbatim kwa CMC Magnetics ya Taiwan katika makubaliano ya mwaka 2019. Kwa hiyo anayesifu DVD za Verbatim leo anasifu kitu kilicho chini ya mmiliki mwingine, na ni vyema ajue hivyo. Binafsi bado ninazinunua zile zinazotamka wazi AZO kwenye kasha, na ninaziacha zile za mfululizo wa Life, ambazo hubeba chapa hiyo hiyo bila ahadi ya rangi hiyo. Kwa mtu asiyesoma maandishi madogo, makasha hayo mawili hufanana mno, na kosa hilo ni rahisi kulifanya.

Kuhusu DVD za matabaka mawili sina maneno mengi: kwa hifadhi ya muda mrefu ninaziepuka, kwa sababu tabaka la pili huchomwa kupitia la kwanza na makosa yake huwa mengi tangu siku ya kwanza. Diski za kuandikwa upya, yaani RW, nazo haziingii katika mjadala huu. Alama zake hutokana na madini yanayogeuzwa hali kwa joto, na kitu kilichotengenezwa ili kifutike hakifai kukabidhiwa urithi.

Sasa nije kwenye chaguo langu kuu, nalo ni BD-R, yaani diski ya Blu-ray ya kuchoma mara moja, ya tabaka moja yenye gigabaiti 25. Watu wengi bado huihesabu Blu-ray kuwa ya filamu tu, na kwa maoni yangu wanapoteza njia bora zaidi iliyopo ya kuchoma kumbukumbu nyumbani. Sababu ni muundo wake. BD-R za kawaida, zinazotambulishwa kwa herufi HTL, hazitumii rangi ya kikaboni hata kidogo. Tabaka lake la kuandikia ni la metali au madini mengine yasiyo ya kikaboni: katika aina moja, tabaka la aloi ya shaba na tabaka la silikoni huchanganyika pale leza inapopiga, na katika aina ya Verbatim iitwayo MABL, tabaka la metali ndilo linalogeuzwa. Vitu hivyo haviogopi mwanga kama rangi inavyouogopa. Aidha, mfumo wa Blu-ray wa kusahihisha makosa umebuniwa kustahimili madoa na mikwaruzo mirefu, na uso wake una gamba gumu, jambo la lazima kwa kuwa data ziko milimita 0.1 tu kutoka upande wa leza.

Tahadhari moja hapa ina uzito mkubwa. Kuna BD-R nyingine ziitwazo LTH, ambazo zilibuniwa ili viwanda vilivyokuwa vikitengeneza diski za rangi viendelee kutumia mitambo yao. Hizo zina rangi ya kikaboni, yaani zinarudisha udhaifu ule ule ambao mtu alikuwa akiukimbia aliponunua Blu-ray. Alama ya LTH huandikwa kwenye kasha, ingawa mara nyingi kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Nikikuta kasha lisilotaja lolote na muuzaji hawezi kueleza, ninaliacha. Ikiwa diski tayari imenunuliwa, programu ya kuchoma itaonyesha msimbo, na mara nyingi msimbo huo hutosha kutofautisha aina hizo mbili.

Kwa miaka mingi diski nilizozipenda kuliko zote zilikuwa BD-R za Panasonic zilizotengenezwa Japani, kwa sababu kila nilipozipima zilinipa matokeo yaliyolingana kutoka pakiti moja hadi nyingine, na katika kazi hii ulinganifu una thamani kuliko diski moja ya ajabu katikati ya tisa za wastani. Panasonic ilikoma kuzitengeneza mwaka 2023, na Sony ikafuata mwezi Februari 2025. Zilizobaki sokoni ni akiba, na akiba ya zamani si lazima iwe mbaya ikiwa ilikaa mahali pakavu na baridi, lakini mnunuzi hana njia ya kujua ilikaa wapi. Kwa sasa ninatumia BD-R za Verbatim zenye MABL, na sijajuta, japo ninapima diski nyingi zaidi katika kila pakiti kuliko nilivyokuwa nikifanya zamani.

Swali ambalo huulizwa kabla ya mengine yote ni kuhusu M-DISC, hivyo nitalitumia muda. Diski hii ilibuniwa na kampuni ya Millenniata ya Utah, Marekani, ikiwa na tabaka la kuandikia lililofananishwa na jiwe, na ikatangazwa kuwa inaweza kudumu miaka 1,000. Toleo la kwanza lilikuwa la DVD, na wazo lake lilikuwa sahihi kabisa: ondoa rangi, weka kitu kisicho cha kikaboni, kisha tumia leza yenye nguvu zaidi kuchimba alama za kudumu. Katika majaribio ya mwaka 2009 ya kituo cha jeshi la majini la Marekani huko China Lake, ambako diski ziliwekwa kwenye joto, unyevunyevu na mwanga mkali kwa pamoja, M-DISC ilizishinda DVD za kawaida zilizolinganishwa nayo. Matokeo hayo yamerudiwa kila mahali. Kinachorudiwa mara chache ni jaribio la maabara ya taifa ya Ufaransa, LNE, lililochapishwa mwaka 2012, ambalo katika nyuzi 90 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 85 halikuona DVD ya M-DISC ikidumu kuliko DVD nzuri za kawaida, ilhali diski iliyotengenezwa kwa kioo ilistahimili.

Mimi huyasoma majaribio hayo mawili pamoja na sioni yanapingana. Tabaka la jiwe haliharibiwi na mwanga, na hapo M-DISC ina haki ya kujisifu. Lakini tabaka hilo bado limebanwa katikati ya polikaboneti ile ile na gundi ile ile, na joto kali likiandamana na unyevunyevu, polikaboneti na gundi ndivyo vinavyosalimu amri. Kwa hiyo idadi ya miaka 1,000 ni makadirio ya tabaka moja katika kitu chenye matabaka kadhaa. Upande wa DVD, ambako mbadala wake ni rangi ya kikaboni, ninaona M-DISC ni hatua ya kweli mbele kwa mtu ambaye lazima atumie DVD. Upande wa Blu-ray hoja yake ni nyembamba zaidi, kwa sababu BD-R yoyote ya HTL tayari haina rangi. Nimechoma M-DISC za gigabaiti 25 na za gigabaiti 100, zimenisomekea vizuri, na ninazo kabatini. Lakini mtu mwenye fedha za kununua M-DISC moja au BD-R kadhaa nzuri za HTL, ningemwambia achukue hizo kadhaa, achome nakala mbili na kuziweka katika nyumba mbili tofauti. Millenniata yenyewe haikudumu: ilifilisika mwaka 2016, na diski zimeendelea kutengenezwa na wengine chini ya leseni.

Upande wa draivu, kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi ni kutumia fedha nyingi kwenye diski kisha kuzichoma kwa draivu nyembamba inayokula umeme wa tundu la USB peke yake. Draivu hizo ni nzuri kwa kusomea na kwa kazi ya kupita. Kwa kuchoma kumbukumbu za kudumu, ninapendelea draivu nzima ya kipimo cha inchi 5.25, ya kufungwa ndani ya kompyuta au kwenye kasha la nje lenye umeme wake. Motor yake ni imara, diski haiyumbi, na leza hupata umeme ulio thabiti hata pale inapohitaji nguvu ya juu. Nimewahi kuchoma diski tatu za pakiti moja kwa draivu nyembamba na tatu kwa draivu nzima, na tofauti ilionekana katika kila kipimo, hasa kuelekea ukingo wa nje.

Kila draivu ina programu ya ndani yenye maelekezo ya namna ya kuichoma kila diski inayoitambua kwa msimbo wake: nguvu ya leza, urefu wa kila mpigo, na mahali pa kubadilisha kasi. Draivu ikikutana na msimbo isioujua hutumia maelekezo ya jumla, na matokeo huwa ya kubahatisha. Hii ndiyo sababu sikubali sifa ya draivu isiyotaja diski, wala sifa ya diski isiyotaja draivu. Kabla ya kuchoma chochote cha maana ninahakikisha programu hiyo ya ndani ni toleo la karibuni kutoka kwa mtengenezaji, hasa ikiwa diski ni mpya kuliko draivu.

Draivu ambayo nimeiamini kuliko zote kwa Blu-ray ni ya Pioneer ya mfululizo wa BDR. Inachoma kwa utulivu, haipigi kelele, na imenipa alama safi zaidi kwenye BD-R za HTL. Bahati mbaya, Pioneer ilijiondoa katika biashara hiyo mwaka 2025, na anayeikuta mpya leo anakuta mabaki. Baada yake ninaweka LG WH16NS60 na ASUS BW-16D1HT, ambazo ni ndugu wa karibu kwa vipuri vya ndani. Zote mbili huchoma M-DISC na diski za BDXL, yaani Blu-ray za matabaka mengi, za gigabaiti 100 na 128. Ninaziona zimezidiwa kidogo na Pioneer katika ulinganifu, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu azikatae. Kwa DVD na CD, draivu za Lite-On za mfululizo wa iHAS zimenisaidia kwa njia mbili: huchoma vizuri, na zaidi ya hapo huweza kuripoti makosa ya diski, uwezo ambao draivu nyingi hazina. Wenye draivu za Plextor kama PX-716A wanajua kwamba walipata chombo cha kupimia pamoja na cha kuchomea, na ikiwa bado inafanya kazi, itunzwe kama inavyostahili.

Anayetaka DVD za M-DISC asome maelezo ya draivu kabla ya kununua, kwa sababu si kila draivu inaweza kuzichoma, ingawa karibu zote huzisoma. Kwa M-DISC za Blu-ray, draivu nyingi za kuchoma BD-R huziweza.

Kuhusu kasi, kuna imani ya zamani kwamba polepole zaidi ni bora zaidi. Haikuwa kweli hata wakati ule, na leo iko mbali zaidi na ukweli. Rangi ya diski ya 16x imetengenezwa kupokea mpigo mfupi wenye nguvu, na ikichomwa kwa kasi ya chini kabisa leza huikalia muda mrefu kupita kiasi na kingo za alama hufifia. Kwa DVD za 16x mimi huchoma kwa 8x, na kwa BD-R zilizoandikwa 6x huchoma kwa 4x, kasi ambayo huijaza diski ya gigabaiti 25 kwa dakika 23 hivi. DVD za M-DISC huzichoma kwa 4x. Kasi ya juu kabisa siitumii kamwe kwa kitu ninachotaka kudumu, kwa kuwa mtikisiko wa diski inayozunguka kwa nguvu zote huonekana kwenye vipimo vya ukingo wa nje.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyonibadilisha kutoka mtu wa kutumaini hadi mtu wa kujua. Kila diski, hata iliyochomwa dakika hii, ina makosa ambayo draivu huyasahihisha bila mtumiaji kuona. Swali ni mangapi, na nafasi iliyobaki kabla ya kushindwa kusahihishwa ni kiasi gani. Kwa CD, kiwango cha juu kinachokubalika ni makosa 220 kwa sekunde kwa wastani wa sekunde 10. Kwa DVD, makosa ya hatua ya kwanza, PIE, hayapaswi kuvuka 280 katika mafungu nane ya data yanayofuatana, na yale yaliyoishinda hatua hiyo, PIF, hayapaswi kuzidi 4 katika fungu moja. Diski nzuri iliyochomwa vizuri hukaa mbali sana chini ya mipaka hiyo. Ninachokitafuta ni mstari wa chini ulionyooka kutoka katikati hadi nje. Diski yenye wastani mzuri lakini yenye mlima ghafla katika sehemu moja ninaichoma upya, kwa kuwa mlima huo ndio utakaokua. Programu nilizozitumia ni Opti Drive Control na Nero DiscSpeed kwa Windows, na QPxTool kwa Linux. Matokeo ya draivu mbili hayalingani, hivyo linganisha diski na diski kwa draivu ile ile, na uhifadhi picha ya grafu pamoja na tarehe. Grafu ya leo ikiwekwa kando ya ile ya miaka mitano iliyopita hueleza mengi kuliko maandishi yote ya kwenye kasha.

Asiye na draivu ya kupimia asikate tamaa. Kusoma diski nzima kwa kasi ya juu na kutazama mstari wa kasi ni kipimo duni lakini cha kweli: draivu inapoyumba na kushuka mwendo, imekutana na mahali pagumu. Na kila mtu, mwenye vipimo na asiye navyo, alinganishe faili zilizochomwa na za asili mara baada ya kuchoma. Mimi huandika tarakimu za SHA-256 za kila faili, ambazo ni kama alama yake ya kidole, katika faili ndogo ya maandishi inayokaa ndani ya diski hiyo hiyo na mahali pengine, ili hata miaka 20 ijayo mtu aweze kuthibitisha kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Kisha sijazi diski. Ninaacha takriban asilimia 20 ya nafasi kwa data za ziada za kusahihisha zinazotengenezwa na programu ya dvdisaster, ambazo zimewahi kunirudishia diski nzima baada ya sehemu yake kugoma kusomeka. Wengine hutumia faili za PAR2 kwa kazi hiyo hiyo, na hazina ubaya. Ninachokataa ni diski iliyojazwa hadi ukingo, maana mtu huyo ameweka faili zake za mwisho mahali dhaifu kuliko pote.

Uhifadhi sitaurefusha. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003 unapendekeza nyuzi kati ya 4 na 20 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 20 hadi 50, na panapokuwa na joto zaidi, angalau joto lisipande na kushuka ovyo. Diski isimame wima katika kasha gumu lake peke yake, gizani. Lebo za kubandika zisitumike kabisa, kwa sababu huvuta upande mmoja na kuyumbisha mzunguko. Wanaotunza CD wakumbuke kwamba upande wa lebo ndio dhaifu: data ziko chini ya varnishi nyembamba tu, na mkwaruzo wa juu huua diski ambayo chini inang'aa kama mpya. Ninaandika kwa kalamu laini ya wino wa maji, tena kwenye pete ya katikati isiyo na data, namba tu, na maelezo mengine yote yako kwenye daftari.

Baada ya majaribio hayo yote, mpangilio wangu wa sasa ni huu: BD-R za Verbatim za MABL zinachomwa kwa Pioneer kwa kasi ya 4x, nakala mbili kutoka pakiti mbili tofauti, na nakala ya tatu kwenye M-DISC kwa yale yasiyo na mbadala. Kila mwaka ninasoma sehemu ya diski kutoka kila pakiti, na pakiti inayoonyesha makosa kupanda inahamishiwa kwenye diski mpya bila kusubiri. Draivu ya pili, mpya, iko kwenye boksi lake, kwa sababu diski isiyo na cha kuisoma ni plastiki tu. Hata hivyo haikai humo miaka yote bila kuguswa. Mara mbili kwa mwaka ninaiunganisha, ninaifungua na kuifunga trei mara kadhaa na kuisomesha diski moja nzima, kwani grisi ya reli zake hukauka na mkanda wa mpira unaosukuma trei hukakamaa hata usipotumika.